Sentensi za Kutamani

Mbinya alimtambua kwa mgongo.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa Kaloleni, akitafuta mahali pa kumkalisha mama yake kati ya waombolezaji, alipomwona mwanamume aliyebeba mabenchi mawili, moja kila bega, akiyapeleka mbele karibu na jeneza. Hakuhitaji kuuona uso. Mgongo ule alikuwa ameutazama jioni nyingi humu humu ukumbini, zamani, akijifanya anasoma ubao.

"Umesimama nini?" mama yake, Kasiva, akamsukuma kiunoni. "Miguu inaniuma. Tafuta kiti."

"Nimeona, mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Twende pale kwa akina mama."

Alimketisha mama yake karibu na Nabiswa, jirani wa marehemu, kisha akajirudisha nyuma hadi ukutani. Machozi yalimtoka. Watu wangesema analia kwa ajili ya Mwalimu Luseno, na ni kweli, alikuwa analia kwa ajili yake. Lakini machozi mengine yalikuwa ya mtu mwingine, na yote yalipita njia moja.

Mwalimu Luseno alikuwa amelala pale mbele, kwenye jeneza la rangi ya kahawia, akingoja ibada imalizike apandishwe basi la kwao Kakamega. Kasiva alimjua kama mteja wa vitunguu pale soko la Jericho. Mbinya alimjua vingine. Alipostaafu shule ya msingi, mzee huyo aliomba ukumbi huu jioni, akafungua darasa la watu wazima walioangushwa na Kiingereza kidato cha nne. Walikuja makarani wa duka, wasusi, mafundi, walinzi waliokuwa wakielekea kazini. Mbinya alikuja kwa sababu chuo cha ualimu kilimkataa kwa alama ile moja tu ya Kiingereza. Wekulo, mwenye mgongo ule, alikuja na mikono iliyojaa makovu ya kuchomelea vyuma, akitaka kuingia chuo cha ufundi, na alama ile ile ilikuwa imemfungia mlango.

Jioni ambayo Mbinya hakuisahau ni ile Mwalimu aliyofundisha hali za vitenzi.

"Kitenzi ni kama mtu," alisema, akipangusa chaki kwenye suruali. "Kina moyo. Kuna siku kinakueleza tu jambo lilivyo. *Mbinya sits.* Hakikuombi kitu, hakikusukumi. Kuna siku kinaamuru. *Sit!* Hapo hata jina lako hakilitaji, kwa sababu kinakuangalia machoni. Halafu kuna siku kinatamani. Hapo ndipo watu wa Kaloleni mnapoanguka."

"Mwalimu, sisi hatuanguki," alisema Lorine, msusi wa Maringo. "Huwa tunasukumwa."

Darasa likacheka. Mwalimu akaandika ubaoni: *If I were rich.*

"Lorine, kwa nini *were*? Kwa nini si *was*?"

"Kwa sababu mzungu alichanganyikiwa."

"Kwa sababu wewe si tajiri!" Mwalimu akagonga ubao. "Kitenzi kimevua nguo zake za kila siku, kikavaa nguo za ugenini, ili anayesikiliza ajue hatuzungumzi juu ya dunia hii tunayoishi. Tunazungumza juu ya ile nyingine. Na msijifanye hamwelewi. Kwa Kiswahili mnafanya bila kufundishwa. Anakuja. Njoo. Aje. Angekuja. Nani aliwafundisha? Hakuna. Mlinyonya kwa mama zenu. Hiki cha Kiingereza itabidi mnikamue mimi."

Kisha akataka kila mtu atoe sentensi ya kutamani. Lorine akatamani angekuwa na saluni ya vioo. Mlinzi mmoja akatamani usiku ungekuwa mfupi. Zamu ilipomfikia Wekulo, alisimama, akainama, akashika ukingo wa meza kama mtu anayetaka kuinyanyua. Kiingereza kilikuwa kizito mdomoni mwake, kilitoka kipande kipande.

"*I wish... Mbinya were... sitting here.*"

Na akaonyesha nafasi kwenye benchi, kando yake.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Lorine alipiga vigelegele. Mwalimu Luseno alivua miwani akaifuta polepole, akingoja kelele zipungue.

"Sentensi haina kosa hata moja," alisema. "Mbinya, wewe tu ndiye unayeweza kuiharibu."

Mbinya alikusanya vitabu vyake huku uso ukimwaka, akahama benchi.

"Umeiharibu," Mwalimu akasema, na alikuwa anatabasamu. "Sasa Wekulo, iandike upya. Hilo si jambo la kutamani tena."

Hayo yalikuwa zamani. Sasa Mbinya alikuwa mwalimu kweli, na kila mwaka alipofika somo lile na watoto wake wa darasa la nane, alilipita haraka haraka. Watoto walidhani somo ni gumu.

Mchungaji alipomaliza kuhubiri, mjane, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Triza, aliomba wanafunzi wa darasa la jioni waje mbele. Walijitokeza wachache. Lorine alikuwa amenenepa na kupata mvi. Wekulo alisimama mwisho wa mstari, na Mbinya akajikuta kando yake, bila kupanga. Hawakuangaliana. Lakini bega lake lilijua bega la nani liko pale.

"Mwalimu alikuwa anatuanzisha na sentensi," Lorine akawaambia watu. "Basi kila mtu aseme moja, tumuage."

Walisema moja moja, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kiingereza cha kujikaza. Mbinya alipofikiwa alitaka kusema maneno aliyokuwa ameyatayarisha nyumbani, juu ya bidii na nidhamu. Hayakuja.

"*I wish you were here, Mwalimu,*" alisema.

Alikuwa amelifundisha hilo neno dogo, *were*, mara nyingi ubaoni, akalipigia mstari, akawaambia watoto walikariri. Sasa tu, mbele ya jeneza lile, aliliona linavyofanya kazi. Mtu yuko hapa, hatua mbili kutoka kwako, na hayuko. Hakuweza kuendelea. Kitambaa cha mtu kiliwekwa mkononi mwake, kitambaa cha mwanamume, kilichopigwa pasi, na alijua bila kutazama kilitoka kwa nani.

Baada ya ibada watu walimiminika nje. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa ya vigae ya Kaloleni. Vijana walikuwa wakipakia mabenchi na masufuria kwenye basi. Mbinya alimfuata Wekulo hadi upande wa pili wa basi, penye kivuli.

"Kitambaa chako," alisema.

"Kaa nacho. Bado hujamaliza kulia."

"Umejuaje?"

"Unapumua hivyo." Akaiga, akivuta pumzi kwa pua kama mtoto mwenye mafua. Mbinya akacheka kabla hajajizuia. Hapo ndipo walipotazamana. Alikuwa amekonda usoni. Macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayesikiliza hata usipozungumza.

"Umeolewa?" akauliza Wekulo.

"Sijaolewa. Na wewe?"

"Mimi nani angenioa?"

"Jibu vizuri."

"Sijaoa, Mbinya."

Kijana mmoja akapita na sufuria kichwani, akawapisha kwa heshima ya kejeli.

"Unamsindikiza Mwalimu na utarudi Jumatatu?" Mbinya akauliza.

"Namsindikiza hadi Kakamega, halafu naendelea kwetu Kimilili. Nimepata kazi ya kufundisha kuchomelea, chuo cha ufundi. Vitu vyangu vyote viko humo kwenye buti." Akagonga ubavu wa basi. "Sirudi."

Miaka yote Mbinya alikuwa amejua kwamba Wekulo yuko mahali fulani Kware, ghorofa mojawapo kati ya maghorofa yale yaliyobanana, ananunua maziwa, anaanika nguo, anapumua moshi ule ule wa Nairobi. Hakuwahi kumtafuta. Lakini alikuwepo.

"Nani anakungoja huko?"

"Mama mzazi na ng'ombe mmoja mkali." Kisha akatazama pembeni. "Mama yako hajambo?"

"Yuko hapo mlangoni. Nenda ukamsalimu."

Wekulo akasogea kidogo, basi likamficha zaidi. Hakujua kama Mbinya ameona. Alikuwa ameona.

"Bado unamkimbia," Mbinya alisema, na hasira ya zamani ikaja yote, kama vile haikuwahi kulala. "Mwanamke mzima, hajakukosea kitu. Siku ulipokuja kujitambulisha alipika muthokoi tangu alfajiri, akachinja kuku aliyekuwa anamfugia Krismasi. Wewe ukaja ukasimama mlangoni mikono nyuma. Akakunyoshea mkono, ukaangalia viatu vyako."

"Nilikwambia kwa nini."

"Uliniambia ni heshima."

"Ni heshima."

"Alinusa mkono wake, Wekulo. Ulipoondoka. Alidhani ni vitunguu. Aliuosha kwa sabuni mara mbili, akaniuliza kama bado unanuka."

Wekulo alifumba macho. Hilo hakuwa amelijua.

"Nilikuja kwenu nikiwa nimeshaamua," alisema polepole. "Kwangu hakuwa tena mama muuza vitunguu. Alikuwa mama mkwe. Kwetu humshiki mama mkwe mkono, huli mezani kwake, humkazii macho. Ningempa mkono ule, ningekuwa namwambia kwamba sina mpango na binti yake."

"Nilimwambia hayo. Alisema ameuza na Waluhya pale Jericho tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na wote wanampa mkono."

"Na wewe ukamwamini nani?"

Mbinya alikuwa amemwambia Wekulo arudi akatoe mkono au asirudi kabisa. Akamtii, hakurudi.

"Ungetaka nibaki?" Wekulo akauliza. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Kutaka nimetaka miaka yote. Nimekutamani nikipika, nimekutamani nikisahihisha vitabu. Imenisaidia nini? Siwezi kuja Kimilili na mama yangu akilia nyuma yangu. Hana mwingine duniani ila mimi."

Dereva akapiga honi. Watu wa upande wa pili walikuwa wakilibeba jeneza, na wimbo ukapanda. Wekulo aliinama, akaokota benchi la mwisho.

"Basi tumuage Mwalimu," alisema.

Mbinya alizunguka basi akamkuta mama yake amesimama kando ya Nabiswa, leso imekazwa kichwani, macho yamekazwa langoni. Huko langoni, mbali na watu, kijana mwenye suti nyeusi alikuwa ameegemea ukuta. Ni mume wa Triza, binti wa marehemu. Alikuwa amekuja tangu asubuhi, akalipia mahema, akaleta maji, na hajaukanyaga ukumbi ambamo mama mkwe wake aliketi.

"Yule kijana," Kasiva alikuwa anasema, "amegombana na Mama Triza?"

"Nani, mkwe?" Nabiswa akashangaa. "Agombane naye kwa nini?"

"Mama mkwe amefiwa, na mkono hampi. Nimemwangalia. Mama Triza amepita, yeye akageukia ukuta kama mtoto aliyeiba sukari. Kwetu Ukambani angekuwa amemshika, amemkalisha, wanalia pamoja."

Nabiswa alicheka, kisha akakumbuka ni matanga, akaziba mdomo.

"Mama Mbinya! Huyo ndiye anayemheshimu kuliko sisi wote hapa. Hebu mwangalie Mama Triza."

Mjane alikuwa anaongozwa kuelekea basini. Alipokaribia lango alisimama, akageuza uso upande, akasema kitu kwa binti yake. Triza akaenda kwa mumewe, akarudi na jibu. Mjane akaitikia kwa kichwa, na katika uso ule uliochoka kwa kulia, kwa mara ya kwanza siku ile, palikuwa na kitu kama fahari.

"Ameuliza kama mkwe amekula," Nabiswa akaeleza. "Wanapendana hao!"

"Lakini mimi nimekaa na nyinyi Waluhya sokoni miaka," Kasiva akasema, sauti imeanza kupotea. "Wote mnanipa mkono. Wanaume kwa wanawake."

"Sasa mama, hao wanaokupa mkono, kuna hata mmoja aliyetaka binti yako?"

Kasiva alitazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kiganja juu, kiganja chini. Mbinya alitaka kumshika, lakini hakuthubutu. Alimjua mama yake. Huyu alikuwa mwanamke asiyerudisha neno lililotoka, wala hakuwahi kumwomba mtu radhi mbele ya macho ya mwanawe.

Wakati huo huo Wekulo alitokea nyuma ya basi na benchi begani. Alipomwona Kasiva alisimama ghafla. Hapakuwa na mahali pa kwenda. Nyuma yake ni basi, mbele yake ni yule mama.

Kasiva alivuta leso. Aliishusha kutoka kichwani, akaifunika mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Akageuza uso, akatazama maua yaliyopandwa ukutani.

"Nabiswa," akasema kwa sauti ya kusikika, "mwambie huyo kijana nimemsalimu."

"Si anakusikia? Yuko hapo."

"Wewe mwambie!"

Nabiswa alitazama mmoja, akatazama mwingine, na Mbinya akaona uso wake ukifunguka.

"Wekulo," akasema, akijikaza asicheke, asilie, "umesalimiwa na mama."

Benchi lilishuka begani mwa Wekulo taratibu. Aliinamisha kichwa, akarudi hatua nyuma, mgongo ukagusa basi.

"Mwambie mama nimepokea," alisema. "Mwambie nimepokea sana."

"Anasema amepokea."

"Mwulize amekula."

"Anauliza umekula?"

"Nimekula. Asante."

"Mwambie," Kasiva akaendelea, bado anazungumza na maua, "kwamba kule kwetu mambo ya mahari huanza na mbuzi, si ng'ombe. Na asije peke yake kama mtu aliyetumwa na landilodi. Aje na wazee. Wakosee mimi niwasahihishe, kuliko wanyamaze nifikirie ni vitunguu."

Sauti yake ilivunjika kwenye neno la mwisho. Akajifanya anakohoa.

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Jeneza limeingia, watu wanapanda. Mbinya alimfikia Wekulo kwenye ngazi za basi, na wakasimama karibu karibu katikati ya kelele zile.

"Simu yako ni ile ile?" Wekulo akauliza.

"Ile ile. Sikuwahi kubadilisha."

"Kimilili ni mbali, Mbinya. Shule yako je? Watoto wako?"

"Huko hakuna watoto wasiojua Kiingereza?"

Wekulo alitabasamu, na miaka yote ikamtoka usoni. Hakumkumbatia, watu walikuwa wengi na msiba ulikuwa wa watu. Aligusa tu ncha ya kitambaa chake kilichokuwa bado mkononi mwa Mbinya, akakiacha humo.

"Zungumza na wazee wako," Mbinya akamwambia. "Kabla hujafungua mizigo."

"Nitaanza nao leo. Wako wawili humu ndani ya basi."

Mlango ukafungwa. Basi lilitoka polepole kuelekea Jogoo Road, wimbo ukatoka nalo, na Mbinya akabaki amesimama akimlilia Mwalimu wake kwa machozi ambayo safari hii hayakuwa na mtu mwingine ndani yake.

Walirudi Jericho kwa miguu, mama na binti, wakikatiza Maringo ambako akina mama walikuwa wanawasha majiko mbele ya milango na watoto wanacheza mpira wa karatasi. Walipofika uwanjani Kasiva aliuliza ghafla.

"Huko kuna baridi?"

"Kimilili? Kuna mlima karibu, mwaitu. Baridi ipo."

Walitembea tena. Kasiva alisimama kukaza leso, ambayo haikuwa imelegea.

"Na mkizaa? Nikija kumwona mtoto nitalala wapi? Mwenye nyumba mwenyewe hawezi kuketi chumba kimoja na mimi. Nikiingia sebuleni, atoke kwa dirisha?"

"Sijui, mwaitu."

"Hujui! Unaolewa na hujui!" Alimtazama binti yake, kisha akatazama barabara ambako basi lilikuwa limepotelea. "Toa hiyo simu. Mpigie sasa hivi kabla hawajafika mbali. Mwambie aanze na chumba changu. Na mlango wake utazame upande mwingine."